Je, Mgonjwa wa Sukari Aweza Kujifunza Kuendesha Motokaa?

Tuseme yuko kijana mmoja wa Aru, mwenye umri wa miaka 22. Kila siku hujichoma sindano za insulini, maana tangu utoto ana ugonjwa wa sukari. Mjomba wake ana kamyo ya kuchukua bidhaa kwenda soko la Ariwara. Mjomba amemwambia, "Njoo, mpwa wangu, nikufundishe kuendesha. Mimi nazeeka." Kijana amefurahi sana. Lakini mama yake amekataa. Amesema, "Mtu wa sindano asishike usukani. Atazimia njiani, naye ataua watu."

Ni nani aliye na haki? Ndugu msomaji, kila mmoja wao ana neno la kweli. Tuangalie jambo hili kwa taratibu.

Zamani mtoto aliyeshikwa na ugonjwa huu hakuishi siku nyingi. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata insulini. Tarehe 11 Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa sindano ya kwanza. Aliishi miaka 13 zaidi. Tangu wakati ule wagonjwa wa sukari wamekua, wameoa, wamefanya kazi, na wengi wao huendesha motokaa. Nchini Uingereza sheria ilibadilishwa mwaka 2011, na watu wa insulini wakaanza kuruhusiwa tena kuendesha hata malori makubwa, ila kwa masharti ya kupima damu na kuonana na daktari. Basi, ugonjwa peke yake haumfungii mtu njia.

HATARI NI IPI?

Hatari kubwa kwa dereva ni sukari kushuka ghafula. Ubongo hula sukari kama injini inywavyo mafuta. Sukari ikipungua, mtu hutoka jasho, hutetemeka, moyo hupiga mbio, na njaa humshika. Ikizidi kupungua, macho huona vibaya, maneno huchanganyika, akili hupotea. Mwisho huzimia. Mara nyingi watu wakimwona hivyo husema, "Amelewa," tena humpiga, kumbe alihitaji sukari tu.

Jambo hili huwapata watu wa insulini, na pia watu wa vidonge vingine kama glibenklamidi. Vidonge vya metformini peke yake havileti hatari hiyo kwa urahisi. Muulize mganga wako dawa yako ni ya namna gani.

Mwanafunzi wa usukani ana taabu moja zaidi. Siku za kwanza kila mwanafunzi hutoka jasho na kutetemeka kwa hofu! Atajuaje kama ni hofu au ni sukari? Asikisie. Asimamishe motokaa, apime damu. Kama hana kipimo, ahesabu kuwa ni sukari, ale.

Tena, fikiri njia zetu. Hapa Kongo twashika upande wa kuume. Ukivuka mpaka kwenda Arua, nchi ya Uganda, washika upande wa kushoto. Hata dereva mzima husahau. Akili iliyopungukiwa na sukari itasahau upesi zaidi. Na njia ya kwenda Bunia kwa kupita Mahagi ni ndefu. Mvua ikinyesha, kamyo hukwama, watu hushuka kuchimba matope na kusukuma. Kazi hiyo hula sukari ya mwili, na chakula chaweza kuwa mbali.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Pima damu kabla ya kuwasha injini. Kama sukari ni miligramu 90 au zaidi katika desilita moja, waweza kwenda. Ikiwa chini ya 90, kula kwanza. Ikiwa chini ya 70, usiendeshe kabisa.

2. Katika safari ndefu simama kila saa mbili, upime tena. Usipitishe saa ya chakula kwa sababu ya haraka.

3. Weka sukari au soda tamu karibu na mkono wako, si nyuma chini ya mizigo. Karanga hazifai kwa shida hii, maana mafuta yake huchelewesha.

4. Ukisikia dalili, usiseme, "Nitafika tu." Toka njiani, simama, zima injini, hama kiti cha usukani. Kunywa vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au asali kiasi hicho. Ngoja dakika 15, upime. Ikiwa bado chini, rudia. Kisha kula muhogo, mkate au ndizi. Damu ikirudi vizuri, pumzika dakika 45 kabla ya kushika usukani, maana akili huchelewa kurudi.

5. Usiache insulini ndani ya motokaa juani. Ichukue pamoja nawe, uiweke penye baridi, kama katika chungu cha udongo chenye maji ubavuni.

6. Usinywe pombe. Hushusha sukari, tena huficha dalili.

7. Pimwa macho na miguu kila mwaka. Ugonjwa huu huharibu macho polepole, na hufanya nyayo kufa ganzi. Mguu usiosikia breki ni hatari.

Mtu asiyesikia tena dalili za sukari kushuka, au aliyezimia karibuni, asiendeshe mpaka mganga amruhusu. Asiye na njia ya kupima damu asisafiri peke yake katika usukani. Maneno haya ni ya mtu wa pikipiki vilevile.

Na wale wanaokaa naye? Mjomba ajifunze dalili. Akimwona kijana anajibu ovyo au anayumba njiani, amwambie asimame, ampe sukari. Kijana akizimia, wasimtie kitu kinywani, atapaliwa. Wamlaze kwa ubavu, wampeleke hospitali upesi.

Sasa turudi kwa mama. Hofu yake ni ya haki, lakini dawa ya hofu hiyo si kumkataza mwanawe kazi. Amwulize maswali matatu kila asubuhi: "Umepima? Umekula? Sukari iko mfukoni?" Akijibu ndiyo mara tatu, ampe ruhusa. Akijibu hapana hata mara moja, mjomba ndiye atakayeendesha siku hiyo.