Kahawa ya Mbinga kati ya Mkemia na Mshairi

Kahawa ya Mbinga, huko Umatengo kwenye milima iliyo juu ya Ziwa Nyasa, huanza kubadilika kabla haijaona moto. Matunda mabivu yakishamenywa, mbegu huvundikwa zikiwa na ute wake. Bakteria na hamira huuvunjavunja ute huo, asidi ikaongezeka. Mkulima huchota mbegu na kuzisugua kiganjani: zikiteleza, anasubiri, zikikwaruza kama changarawe, anaziosha na kuzianika kichanjani.

Kilichomo ndani ya mbegu hiyo kilijulikana kwa msukumo wa mshairi. Mwaka 1819, mjini Jena, Ujerumani, mkemia kijana Friedlieb Ferdinand Runge alimwonyesha mshairi Johann Wolfgang von Goethe jinsi utomvu wa mmea wenye sumu unavyotanua mboni ya jicho la paka. Goethe, akiwa na miaka 70, alivutiwa, akampa punje za kahawa azichunguze. Haukupita muda mrefu Runge akapata kafeini.

Molekuli ya kafeini ina atomu 8 za kaboni, 10 za haidrojeni, 4 za naitrojeni na 2 za oksijeni. Imebeba vikundi vitatu vya methili. Ukiondoa kimoja unapata theobromini, iliyomo kwenye kakao. Ukiacha hicho na kuondoa kingine, unapata theofilini, dawa ya pumu. Hizi mbili zina atomu zilezile, kwa idadi ileile. Zinatofautiana kwa mahali methili ilipokaa.

Mshairi analifahamu jambo hilo. Katika mshororo wa mizani 16, nane kwa nane, hamisha neno moja tu: kina cha kati kinaweza kupotea na shairi likachechemea, ingawa hakuna neno lililopungua. Kwa mkemia na kwa mshairi, mpangilio ndio unaoamua kitu kitakuwa nini.

Ndiyo maana inasikitisha kuona kijana wa kidato cha tano akichukua PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na kuagana na ushairi, au HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na kuagana na kemia. Mwalimu wa Kemia na wa Kiswahili waingie darasa moja, Mbinga au Mbamba Bay, na buni na kikaango. Wanafunzi waandike rangi, harufu na mlio wa punje zinapopasuka. Waelezwe kwamba sukari na asidi amino zinaungana kwa joto kuzaa harufu hiyo. Kisha kila mmoja atunge ubeti usio na neno la kubahatisha. Atakayeuweza ataandika vizuri hata ripoti ya maabara.