Akili Isiyo na Isnadi

Wahenga walinena: akili nyingi huondoa maarifa. Methali hiyo ilinijia nikiwa Kwa Vonza, katika barabara ya Machakos kwenda Kitui, nilipokwenda kumzuru mpwa wangu. Anasoma Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2013 katika nchi hiyo kavu ya mbaazi na ndengu.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Kijana alitakiwa kuwahutubia Waislamu wenzake juu ya amana katika biashara, na karani wake alikuwa simu. Akaiuliza. Kufumba na kufumbua, akili bandia imekwisha andika khutba nzima kwa Kiswahili safi, na ndani yake hadithi ya Mtume (S.A.W.), pamoja na nambari yake katika Sahihi Bukhari.

“Waona, mjomba?”

“Naona. Nani kaipokea?”

Nikampigia sheikh mmoja wa Mombasa, akafungua majalada yake. Alitafuta kwa nambari, akatafuta kwa milango. Maneno yale hayakuwamo. Tulipoirudia mashine, ikaomba radhi kwa adabu kubwa, kisha ikatupa nambari nyingine. Hiyo nayo ikawa vile vile.

Ndugu wasomaji, mashine hii haikusudii uongo. Imelishwa maandishi mengi mno ya wanadamu, nayo hukadiria neno lipi lifuate lipi. Lililo kweli na lifananalo na kweli, kwake ni mamoja. Sisi tuliokaa mkekani chuoni tulifunzwa kuuliza: fulani kapokea kwa nani, na huyo alikuwa mwaminifu? Suratul Hujurat nayo yatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuitenda.

Sisemi itupwe. Iko programu iitwayo Nuru, iliyotungwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na mashirika ya FAO na IITA. Mkulima huelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo, akaambiwa kama lina batobato au michirizi ya kahawia, hata pasipo mtandao. Manufaa hayo ni makubwa, na jani liko mbele ya macho yake, aweza kulihakiki. Khutba haina jani. Waumini watamwamini msemaji.

Wala tusisahau jasho lililomo. Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza jinsi Wakenya walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa, jijini Nairobi, kusoma maneno machafu ya kutisha ili mashine ifunzwe kuyakataa. Nasi tulikuwa tukiandaa khutba ya amana!

Mpwa wangu alikesha na kalamu. Kesho yake khutba yake ilikuwa fupi, na hadithi ilikuwa moja tu, ile aliyosomewa na sheikh kwa simu, neno kwa neno, kutoka kitabuni. Alipoulizwa baadaye kaipata wapi, alikuwa na mtu wa kumtaja.