Mtoto anapocheza, tumtazame

Leo nataka tuzungumze juu ya kazi moja ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa ni kazi, nayo ni kumtazama mtoto mdogo anapocheza.

Hivi karibuni nilikaa asubuhi nzima katika kituo kimoja cha kulelea watoto wadogo mchana, pembezoni mwa jiji la Dodoma. Kituo chenyewe si cha fahari. Kina vyumba viwili vya matofali, jiko la nje, tangi la maji na uwanja wa mchanga chini ya miarobaini. Watoto huanza kufika saa moja asubuhi. Mlezi huwapokea mlangoni mmoja mmoja. Hunawa mikono, hucheza, hunywa uji saa nne, hucheza tena, hula, hulala, na saa kumi wazazi huanza kuwafuata.

Asubuhi ile alikuja mama mmoja, mbiombio, akimleta mwanawe wa miaka minne. Akalifungua daftari la mtoto, akakuta kurasa nyingi tupu. Akasema, "Mwalimu, mbona mtoto haandiki? Mimi nalipa ada ili acheze?" Mlezi akamjibu kwa upole, "Mama, kaa kidogo umwangalie." Mama hakukaa, maana alikuwa anachelewa kazini.

Ndugu msikilizaji, swali la mama yule si la kijinga. Fedha ya ada hutoka kwa jasho. Tena tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, familia nyingi zimekuja hapa zikiwaacha bibi na shangazi mbali. Mtoto hukabidhiwa kwa mtu ambaye mzazi hamfahamu sana. Ni haki aulize anachokilipia. Lakini mimi nilibaki, nikaona ambacho yeye hakupata nafasi ya kukiona.

Mwanawe alikwenda moja kwa moja kwa wenzake wawili waliokuwa na ng'ombe wa udongo. Walikuwa wamejenga zizi kwa vijiti. Ilipofika "jioni" ya mchezo wao, ng'ombe wakarudishwa na kuhesabiwa. Walitakiwa wawe watano, wakapatikana wanne. Mtoto akahesabu upya, akigusa kila ng'ombe kwa kidole. Ukazuka ugomvi: nani alikuwa anachunga? Kila mmoja akajitetea. Mwishoni wakakubaliana kwamba mchungaji aende kumtafuta, na ng'ombe akapatikana chini ya kandambili. Katika robo saa ile mlikuwa na hesabu, lugha, zamu, kesi na hukumu, bila mtu mzima kuingilia. Hayo hayaandikwi kwenye daftari la mtoto. Yanapaswa kuandikwa kwenye daftari la mlezi.

Sasa kutazama nako kuna utaratibu wake. Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alichapisha matokeo ya kuwatazama watoto wa shule ya awali wakicheza kwa hiari yao. Alimtazama kila mtoto kwa dakika moja, akaandika, akahamia kwa mwingine, na kurudia hivyo mara nyingi kwa siku mbalimbali. Aliona kwamba yupo mtoto anayecheza peke yake, yupo anayecheza kando ya mwenzake kwa vitu vilevile lakini kila mtu na lake, na yupo anayeshirikiana na wenzake kama wale wa zizi. Kwa kawaida ushirikiano huongezeka kadiri umri unavyokua. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili anayecheza kando ya mwenzake bila kuchangamana naye tusiharakishe kumwita mchoyo.

Njia ile haihitaji mtambo wowote. Inahitaji kalamu, daftari na subira. Sharti lake kubwa ni kuandika ulichokiona, si ulichokidhani. "Amemsukuma mwenzake aliponyang'anywa gari" ni jambo lililoonekana. "Mtoto huyu ni mkorofi" ni hukumu.

Mlezi wa kituo kile alinisimulia kisa kimoja. Kulikuwa na mtoto wa kiume ambaye nyumbani walimwita mkaidi, kwa sababu akiitwa haitiki. Katika michezo ya kuimba na kupiga makofi, mlezi aliona kwamba mtoto yule daima huchelewa kidogo, na kabla ya kupiga makofi hutazama kwanza mikono ya jirani yake. Aliliandika jambo hilo siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kisha akawaita wazazi, akawasomea. Mtoto alipelekwa hospitali, ikaonekana majimaji yamejikusanya nyuma ya ngoma za masikio yake. Hali hiyo mara nyingi haina maumivu wala usaha unaoonekana, ila hupunguza usikivu. Mtoto alikuwa hasikii vizuri, na kwa miezi mingi alikuwa akichapwa kwa ukaidi asiokuwa nao.

Kutazama huku hakuishii kwenye michezo. Saa ya kunawa nayo ina mambo yake. Hapa hapa mkoani Dodoma, wilayani Kongwa, watafiti wamechunguza kwa miaka mingi ugonjwa wa vikope, au trakoma. Vijidudu vyake huenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi wanaotua kwenye macho ya watoto. Mtoto akiambukizwa tena na tena, kope hupata makovu, nywele zake hugeukia ndani na kukwaruza jicho, na ukubwani anaweza kuwa kipofu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 kutoka vijiji vya Kongwa ulionyesha kwamba watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walikuwa na nafuu dhidi ya vikope vikali. Mlezi anayeutazama uso wa kila mtoto pale mlangoni, akaona tongotongo na nzi, anafanya kazi kubwa ya kinga.

Nchi yetu haikulisahau jambo la malezi. Sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana ilitungwa mwaka 1981, na baadaye mambo yake yakaingizwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mwaka 1991 Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 31 kinataja haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Mwaka 2021 ikazinduliwa programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Lakini sheria haiwezi kukaa chini ya mwarobaini na kutazama. Hiyo ni kazi ya mlezi, naye hataiweza ikiwa amepewa watoto hamsini peke yake.

Basi, ewe mzazi, unapomfuata mwanao jioni, usiulize tu, "Leo ameandika nini?" Uliza pia, "Leo amecheza nini? Amecheza na nani? Amekula? Amelala?" Na siku moja moja, ukipata ruhusa kazini, kaa nusu saa umtazame. Nawe mwenye kituo, mpe mlezi daftari lake na muda wa kuliandikia.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini kabla ya kumkunja, tumtazame kwanza tujue ni samaki gani.

Kwa leo tuishie hapo, ndugu msikilizaji. Tukutane wiki ijayo.