Fahamu: E85 ni mafuta gani, na kwa nini wapenda kasi huyatumia?

E85 ni mchanganyiko wa petroli na ethanoli, pombe ambayo Marekani huitengeneza hasa kwa mahindi. Huko, kiwango cha ethanoli ndani yake huwa kati ya asilimia 51 na 83, kulingana na msimu na eneo.

Nguvu hutoka wapi?

Ethanoli ina oktani (kipimo cha mafuta kustahimili kulipuka kabla ya wakati) ya juu, na inapogeuka mvuke hupoza hewa inayoingia kwenye injini. Hivyo injini yenye turbo au supachaja huweza kushindilia hewa zaidi na kutoa nguvu zaidi bila kugonga, yaani bila mafuta kulipuka kabla ya wakati. Kwa mfano, gari la Dodge Challenger SRT Demon 170, lililotoka 2023, hutoa nguvu za farasi 1,025 ikitumia E85, na 900 ikitumia petroli yenye ethanoli asilimia 10.

Kasoro zake

Lita moja ya E85 ina nishati pungufu kwa takriban robo kuliko lita ya petroli, hivyo gari hunywa zaidi. Pia E85 hunyonya unyevu na husumbua kuwaka kwenye baridi kali.

Je, gari lolote linafaa?

Hapana. Gari la kawaida la petroli huhitaji pampu na nozeli kubwa zaidi, mipira inayostahimili ethanoli na kompyuta iliyopangwa upya. Bila hayo, injini hukosa mafuta ya kutosha, hupata joto kupita kiasi na pistoni zaweza kuungua.