Daktari wa Cape Town na machozi ya mgeni

King'ora kikilia juu ya Table Mountain, mita 1,085 kutoka usawa wa bahari, maana yake upepo umechachamaa na kebo inakaribia kusimamishwa. Watalii warudi kituoni upesi. Wingu jeupe limeshatandazwa kileleni, na wenyeji huliita kitambaa cha meza. Chini mjini, mgeni kutoka Tanga kashika kofia kwa mkono mmoja, mwingine unafuta machozi. Halii. Pua nayo imeanza kuvuja, na keshaanza kuulizia dawa ya mafua.

Upepo huo wa kusini-mashariki, unaovuma zaidi miezi ya kiangazi cha huko, huitwa Daktari wa Cape, kwa imani ya zamani kwamba unafagia maradhi nje ya mji. Moshi unaufagia kweli. Huku kwetu ungeitwa mchawi.

Jicho limefunikwa na utando mwembamba wa machozi, na juu kabisa ya utando huo kuna mafuta yatokayo kwenye tezi za kingo za kope. Mafuta hayo ndiyo kifuniko. Upepo ukipiga, maji yanakauka haraka kuliko kawaida, na kule kukauka kunapoza uso wa jicho. Konea imejaa ncha za mishipa ya fahamu, nyingine zikiwa na kazi ya kupima baridi tu. Jicho likipoa hata kwa pungufu ya nyuzi moja, zinapeleka habari. Ubongo unaamuru tezi ya machozi imwage maji. Hapo ndipo penye kichekesho: maji yanakuja mengi, ila mafuta ni kidogo, kwa hiyo hayakai. Ndiyo maana mwenye macho makavu hutiririkwa kuliko wenzake! Machozi mengine hupenya kwenye vitundu vidogo vya kope, karibu na pua, yakashukia puani. Sehemu ya hayo "mafua" ya mgeni wetu ni machozi yake mwenyewe.

Je, upepo huleta nimonia, kama wengi wanavyoamini? Hapana, hiyo ni kazi ya vijidudu. Wala upepo haumpindi mtu mdomo, ingawa kila mtaa una anayeapa kwamba jirani yake "alipigwa na upepo". Uso hupooza upande mmoja pale mshipa wake wa fahamu unapovimba ndani ya mfereji wa mfupa karibu na sikio, au kwa kiharusi. Hali ya kwanza hutibiwa kwa dawa za steroidi, zinazofaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72. Kiharusi hakisubiri hata saa moja. Saa hizo ndizo anazozila muuza mafuta ya "kutoa upepo".

Mgeni avae miwani mipana inayoziba pembeni, abebe matone ya machozi bandia, avue lenzi, asisugue macho. Na apake mafuta ya kuzuia jua: upepo hupoza ngozi lakini mionzi haupeperushi, na mtu hajui kwamba ameungua mpaka jioni, maji ya kuoga yanapomgusa shingoni.