Wanaokesha Bariadi wanahitaji chama, si sadaka peke yake

Msimu wa pamba unapofunguliwa, mji wa Bariadi hubadili saa zake za kulala. Malori hupanga foleni nje ya viwanda vya kuchambua pamba, mashine hunguruma usiku kucha, na vijana kutoka Itilima, Maswa na Meatu hupokezana zamu: wengine wakiingia jioni, wengine wakitoka alfajiri na vumbi la pamba kichwani. Tangu Simiyu ilipokuwa mkoa mwaka 2012, mji umepata pia walinzi, wauguzi na vijana wa vituo vya mafuta ambao mchana wao ni usiku wetu. Makala hii ni yao, na ya wake, waume na wazazi wanaofuturu bila wao.

Ukiwa katibu wa kamati ya msikiti, habari za watu hawa unazijua kupitia sanduku la sadaka. Mlinzi ameachishwa kazi bila notisi, anaomba nauli ya kurudi kwao. Mama anayefanya usafi usiku amejifungua juzi, ameambiwa arudi zamuni au apoteze nafasi. Kijana wa kiwandani amefanya saa za ziada wiki tatu, na siku ya malipo hazimo. Kamati hukaa, hujadili, hutoa kilichopo. Ni jambo jema na tutaendelea nalo inshaallah. Lakini tuseme kweli: mara nyingi tunachokitoa ni deni la mwajiri, nasi tunamlipia. Sadaka ya muuza nyanya inaziba pengo la ujira ambao sheria imekwisha kuagiza ulipwe.

Sheria yenyewe ni ile ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Inahesabu usiku kuwa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa inayofanyiwa kazi ndani ya muda huo huongezewa asilimia 5 ya ujira wa msingi. Tufanye hesabu. Mwenye ujira wa shilingi 1,000 kwa saa anastahili nyongeza ya shilingi 50. Akikesha saa 8 ni shilingi 400, na kwa usiku 24 wa mwezi ni shilingi 9,600. Si utajiri, ila ni unga na sabuni ya nyumba. Sheria hiyo pia inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Mjamzito hapangiwi kazi ya usiku katika miezi 2 ya mwisho kabla ya kujifungua, wala mama katika miezi 2 ya kwanza baada yake. Yule mama wa usafi hakuja kuomba hisani. Alikuwa na haki, akakosa wa kuisema.

Nani atakayeisema? Mlinzi akienda ofisini peke yake na karatasi ya hesabu, kesho yake lindo lake lina mtu mwingine. Na lipo jambo ambalo wengi hawalijui: kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mtu aliyemtumikia mwajiri kwa muda usiofikia miezi 6. Msimu wa kuchambua pamba mara nyingi hukoma kabla ya hapo, hivyo kibarua wa msimu huingia na kutoka akiwa nje ya ukuta huo. Haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, kinyume chake, haina sharti la miezi. Mfanyakazi wa siku ya kwanza anayo, na ni marufuku kumbagua kwa sababu ya uanachama wake. Kwa hiyo wanaokihitaji chama zaidi ni hao hao ambao husemwa hawana haja nacho kwa kuwa ni wa kupita.

Wapo ndugu wanaoona vyama hivi ni mambo ya siasa yasiyomhusu Muislamu. Nawakumbusha Hilf al-Fudul. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, aliuza bidhaa Makka na mnunuzi, mkubwa wa Kiquraysh, akakataa kumlipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kumtetea. Watu wa koo kadhaa walikutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kusimama na aliyedhulumiwa mpaka haki yake irudi. Mtume (S.A.W.) alihudhuria kabla ya kupewa utume, na baada ya utume hakuacha kuusifu mkataba ule, ingawa wengi walioufunga hawakuwa Waislamu.

Wala watu wa Usukuma si wageni wa kuungana. Wakulima wa pamba walipochoshwa na mizani ya wanunuzi waliunda vyama vya ushirika, na kufikia mwaka 1955 vikawa na shirikisho lao la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambalo baadaye lilimiliki viwanda vyake vya kuchambua pamba. Leo mkulima ana AMCOS yake. Pamba hiyo hiyo ikishavuka lango la kiwanda, anayeilisha mashine usiku mara nyingi hana chama chochote.

Wazee watauliza: vyama vya wafanyakazi si vilikuwepo? Vilikuwepo. Mwaka 1964 serikali ilivunja shirikisho la TFL na kuweka NUTA mahali pake, na mwaka 1978 ikaja JUWATA, jumuiya ya chama tawala. Kwa wengi chama kikabaki kuwa makato ya mshahara na hotuba ya Mei Mosi. Shaka yao ina msingi. Hata hivyo, makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliogoma Septemba 1947 na kisha kuunda chama chao walikuwa, kwa sehemu kubwa, vibarua wa siku.

Chama kipya huanzishwa katika mkutano wa wafanyakazi wasiopungua 20, kisha huomba usajili kwa Msajili ndani ya miezi 6. Idadi hiyo ni ndogo, na hapo ndipo penye mtego. Mwajiri hulazimika kukitambua kwa majadiliano chama chenye wengi wa wafanyakazi wa sehemu husika; chama chenye watu wachache katika kila lindo na kila kituo cha mafuta kitakuwa na cheti tu. Kwa maoni yangu, watu 60 wa kiwanda kimoja wana nguvu kuliko 200 waliotawanyika mkoa mzima. Waanze mahali pamoja. Wazungumze kwanza na TUICO ya viwanda na biashara, na walinzi wazungumze na TUPSE. Wakisikilizwa, wafungue tawi. Wakipuuzwa, wasajili chao.

Mkutano huo usifanyike msikitini. Anayepokezana zamu na Juma ni Masanja, na sheria inakataza chama kubagua kwa dini. Usiitwe saa 4 asubuhi pia, wakati waliokesha wamelala. Ajenda ile ile ijadiliwe mara mbili, jioni kabla ya zamu na asubuhi baada yake, kura zihesabiwe pamoja, na kila zamu itoe mwakilishi wake. Ada hukatwa kwa idhini ya maandishi ya mwanachama, na mwajiri huiwasilisha ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Katiba iseme wazi kwamba miezi ambayo kiwanda kimefungwa haimwondoi mtu katika uanachama.

Sisi wa kamati tunaweza kusaidia kuandika barua na kujaza fomu za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako lalamiko la kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30. Wengi wanaotufikia, siku hizo zimekwisha kupita.