Ukiona Vyaelea, Vimeundwa
Namna ya kuwafundisha wanafunzi wa vyuo kupima habari

Asubuhi moja, kabla ya kengele ya somo la kwanza, mwanafunzi wetu mmoja alitujia mbio, simu mkononi. «Mwalimu, tazama mambo haya!» Tukatazama. Picha ilionyesha watu wengi wakikimbia njiani, magodoro na masufuria kichwani. Na chini yake paliandikwa kwamba jambo hilo lilitokea jana katika jimbo letu. Tukamwuliza: «Nani aliyepiga picha hii?» Akajibu: «Nimeipata kwa mjomba wangu, naye si mtu wa kusema uongo.»

Wapenzi wasomaji, tusimcheke kijana huyo. Mjomba wake hakusema uongo. Yeye aliipata kwa rafiki, na rafiki kwa mwingine. Siku ileile tuliitafuta picha hiyo katika intaneti pamoja na darasa zima, tukaona kwamba ilikuwa imekwisha kuchapwa miaka mingi kabla, tena katika habari za vita vya nchi nyingine. Watu wale walikuwa watu kweli, na taabu yao ilikuwa taabu kweli. Uongo ulikuwa katika maneno ya chini tu. Lakini kwa maneno yale machache, jamaa nzima ingeweza kufunga mizigo usiku na kukimbia bure pamoja na watoto.

Wazee walisema: «Ukiona vyaelea, vimeundwa.» Walisema hayo juu ya vyombo vya majini, maana hakuna jahazi linaloota lenyewe kama mti. Habari nazo ndivyo zilivyo. Kila gazeti, kila neno la redio, kila picha ya simu imeundwa na mtu aliyechagua la kusema na la kunyamazia. Hilo si kosa; hata ukurasa huu unaousoma umeundwa. Ila msomaji mwenye akili huuliza: fundi wake ni nani, na ataka kutupeleka wapi?

MTIHANI WA WASOMI

Huenda mtu akasema: «Hayo ni ya wasiosoma. Mwanafunzi wa chuo kikuu hadanganyiki.» Basi, tuangalie yaliyoonekana Marekani, katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mabingwa wawili wa elimu, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwapa mtihani watu 45: wanafunzi 25 wa chuo hicho, wanahistoria 10 wenye shahada ya udaktari, na watu 10 ambao kazi yao ni kuhakikisha habari kabla hazijachapwa au baada ya kuenea. Taarifa ya kwanza ya mtihani huo ilitoka mwaka 2017.

Waliwaonyesha kurasa mbili za intaneti zenye kusema juu ya watoto wanaoonewa na wenzao shuleni. Ukurasa mmoja ulikuwa wa American Academy of Pediatrics, chama kikubwa cha madaktari wa watoto, kilichoanzishwa mwaka 1930, chenye wanachama zaidi ya 60,000. Wa pili ulikuwa wa American College of Pediatricians, chama kidogo sana cha watu waliojitenga na wenzao mwaka 2002, kwa sababu hawakukubaliana nao juu ya watu wa jinsia moja kupewa watoto wa kulea. Majina yalifanana, na kurasa zote mbili zilipendeza macho.

Wachunguzi wa habari, wote 10, walitambua upesi kwamba chama kikubwa ndicho cha kutegemewa katika jambo la afya ya watoto. Wanahistoria waligawanyika; wengine hawakuona tofauti. Na wanafunzi? Zaidi ya nusu yao walichagua kile chama kidogo! Sababu gani? Kwa kuwa ukurasa wake ulikuwa umepangwa vizuri, wenye vichwa vya maneno na orodha ya vitabu mwishoni.

Wanafunzi wale hawakuwa wavivu. Walisoma kwa bidii, kutoka juu mpaka chini, kama walimu walivyowafundisha. Kosa lao lilikuwa kumwuliza msemaji mwenyewe kama asema kweli. Wachunguzi wa habari walitenda kinyume. Kabla ya kusoma sana, waliuacha ukurasa, wakafungua nyingine, wakauliza wengine wanasema nini juu ya chama hiki. Baadaye tu ndipo waliporudi kusoma.

Je, hilo ni geni kwetu? Mtu asiyejulikana akifika kuposa binti nyumbani, baba hatazami viatu vyake na suti yake tu. Wala hatosheki na maneno yake matamu. Hutuma mtu katika kijiji alikotoka, aulize: huyu ni mtoto wa nani, wamjuaje huko? Wachunguzi wale walifanya jambo hilo tu. Basi, kwa nini tunaipeleleza posa na kuipokea habari bila hodi?

SHAKA PEKE YAKE SI AKILI

Hapa twapenda kuwaonya walimu wenzetu, maana mtego mwingine upo upande wa pili. Wako wanaofikiri kwamba kufundisha akili ya kupima ni kufundisha kukataa yote: redio yadanganya, serikali yadanganya, madaktari wadanganya. Mwanafunzi wa namna hiyo hujiona mwerevu. Kumbe anayekataa yote ni ndugu wa anayekubali yote. Wote wawili wameepuka kazi ya kupima.

Hapa Kongo, somo hilo tulilipata kwa machozi. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo, wachunguzi waliwauliza watu 961 wa Beni na Butembo, na robo moja hivi walijibu kwamba ugonjwa huo haupo. Tusiwaite wajinga. Watu wale walikuwa wameona miaka mingi ya mauaji bila mtu wa kuwaokoa. Tena mwezi wa Desemba uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo, wengi wakasema: «Mnaona? Ni siasa tu.» Shaka yao ilikuwa na mizizi.

Lakini ugonjwa haukungoja mabishano yaishe. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, mtoto wa Kameruni aliyekuja kusaidia, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Mpaka mwisho wa ugonjwa ulipotangazwa, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 walikuwa wamekufa.

Yatupasa kuyakumbuka hayo kila tunapoingia darasani. Ni kweli kwamba wakubwa waweza kudanganya. Lakini haifuati kwamba jirani anayesema kinyume chao asema kweli. Methali yasema: «Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.» Tuipokee kwa hadhari! Lisemwalo lipo kweli midomoni mwa watu. Kama lipo pia duniani, hilo lahitaji ushahidi.

SOMO LENYEWE

Basi, tufundishe namna gani? Mwalimu mmoja wa Marekani, Mike Caulfield, aliyapanga mambo manne mepesi ambayo vyuo vingi vimeyafuata.

Kwanza, simama. Habari ikikuchoma moyo kwa hasira, hofu au furaha, usiitume bado. Moto wa moyo si ushahidi.

Pili, mtafute msemaji. Ni nani? Anajulikana kwa kazi gani? Anapata faida gani ukimwamini?

Tatu, tafuta wengine wanaosimulia jambo lilelile. Kama mji umeshambuliwa, yafaa kusikiliza Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, pamoja na redio ya mji wenyewe, na kumpigia simu mtu anayekaa huko. Wakinyamaza wote, na sauti moja tu isiyo na jina ikipiga kelele, ngoja kwanza.

Nne, rudi kwenye chemchemi. Maneno yalisemwa wapi kwanza, lini, na yalitanguliwa na nini? Picha ya simu yaweza kupelekwa katika mitambo ya kutafutia picha, ionekane ilikochapwa zamani. Kwa wanafunzi wasio na fedha ya intaneti, simu moja ya mwalimu yatosha darasa zima.

Kazi hiyo haitaki vitabu vya bei kubwa. Katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, masomo mawili tu yaliongeza ustadi wa wanafunzi katika kupima kurasa. Sisi wenyewe hutumia dakika 20 kila juma: mwanafunzi mmoja huleta habari aliyoipata, na wenzake huifuata mpaka ilikotoka. Mara nyingine yaonekana kuwa kweli, na hilo pia ni ushindi, maana mwanafunzi amejifunza kuamini kwa sababu. Tena mwalimu akubali kupimwa. Siku moja wanafunzi walituonyesha kwamba tarehe tuliyowaandikia ubaoni haikuwa sahihi. Tuliona haya kidogo, kisha tukaifuta mbele yao.

Na wazazi je? Wasiseme kwamba jambo hili ni la vyuo tu. Mtoto anayemwona baba yake akituma kila kitu bila kuuliza, atafuata mfano wa baba kuliko somo la mwalimu.

Kijana wetu wa picha ile alirudi nyumbani jioni, akamweleza mjomba wake kwa adabu yale tuliyoyaona. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akachukua simu yake, akawaandikia wote aliowatumia: «Nilikosea. Picha ile si ya kwetu.» Maneno machache, lakini yanahitaji moyo mkubwa. Tukiwapata vijana na wazee wa namna hiyo katika kila nyumba, uongo utapita mlangoni kwetu bila kupata mahali pa kulala.